Kadi ya Kifungo

Dada yangu ni fundi cherehani, na hakati kitambaa bila kupima. Hata mteja aliyemshonea miaka kumi anasimamishwa na kuzungushiwa futi upya. "Simama vizuri, shemeji," hutania, pini mdomoni, "tumbo hili mwaka jana halikuwepo."

Binti yake alizaliwa miezi mitatu kabla ya siku zake, mtoto njiti wa kilo moja kasoro. Tukamwita Kifungo, kwa udogo wake kama kifungo cha shati. Dada alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki saba. Picha ya kichwa ikaonyesha damu kidogo imevuja ubongoni, na daktari akasema mguu wa kushoto huenda ukakaza, kwa hiyo aanze mazoezi ya viungo mapema. Hapo sina ugomvi naye. Alisema huenda.

Ugomvi wangu ni wa kliniki ya miezi tisa. Nilikuwepo, nimebeba mfuko wa nepi. Daktari yule yule akauliza kama mtoto anakaa mwenyewe. Hakai. Anatambaa? Hatambai. Aliuliza huku akiandika, na hakuinua macho hata Kifungo alipopiga chafya. Kwenye kadi akaandika: hatatembea, mazoezi hayatasaidia. Nafasi yake kwenye orodha ya kusubiri mazoezi akapewa mtoto mwingine.

"Lakini daktari, si aliwahi miezi mitatu?" dada akauliza. "Hiyo hamuitoi?"

"Mama, kazi yako ni kushona. Hii niachie mimi."

Nyuma ya kiti chake palikuwa na bango: mtoto njiti ahesabiwe umri tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Yaani Kifungo alikuwa wa miezi sita, na mtoto wa miezi sita asipokaa si ajabu. Bango lao wenyewe, kwenye ukuta wao wenyewe. Mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Dada akamfanyisha mazoezi mwenyewe, kwa kubahatisha. Alimsimamisha ameshika ukingo wa meza ya kukatia, asogee hatua kwa hatua, na kila mtoto alipoishia akaweka alama ya chaki. Kuna wiki nzima alama zilisogea upana wa kidole tu. Wateja walisubiri. Aliyenuna alirudishiwa kitambaa chake.

Kifungo alipotimiza miaka miwili tukamrudisha kliniki. Akashuka mapajani mwa mama yake, akavuka chumba akichechemea, akamnyang'anya daktari kalamu.

Daktari akacheka. "Makubwa haya." Kisha akautazama mguu, na naapa alionekana kuridhika. "Ila huo wa kushoto ndio ule niliousema."

"Uliujua kabla haujakaza, ukamfuta," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini; yangu ingesikika mpaka getini. "Mrudishe kwenye orodha ya mazoezi. Andika nikiona."

Ikabidi aombe kalamu kwa mtoto. Akaandika.

Chumba cha mazoezi kilikuwa mlango wa pili. Mtaalamu wa viungo, mama wa makamo ambaye hatukuwahi kumwona, aliukunja mguu ule, akaunyoosha, akaukunja tena. Akatikisa kichwa.

"Huu ungelegea karibu wote, kama angeanza akiwa mchanga." Akamgeukia dada yangu, na hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Mama, mbona umemchelewesha mtoto hivi?"

Dada akatoa kadi mkobani, akamfungulia ukurasa wa miezi tisa.