Kabla hujanunua pampu ya baiskeli ya nyumbani, soma mafuta ya alizeti yalivyonifanya

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kuna kijana humu kauliza anunue pampu gani ya baiskeli ya kuweka nyumbani, isiyo ya bei kubwa. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona nifungue uzi.

Mimi ni darasa la saba, siyo fundi. Nitasema yaliyonipata tu. Nisipojua nitasema sijui.

Nakaa Ihanja, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Haya ni ya zamani kidogo, miaka ile maduka ya Singida mjini yalipoanza kujaa bidhaa za kila nchi. Kabla ya hapo ukipata pampu unashukuru, huchagui. Ghafla tukaanza kuchagua, na kuchagua nako kunataka akili.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilikuwa inavimba, hawezi kutembea mbali. Kila mwezi alikuwa na siku yake ya kliniki mjini. Basi lilikuwa moja, linapita barabarani saa moja asubuhi. Bodaboda hazikuwepo. Nilikuwa nambeba kwenye keria ya baiskeli mpaka barabarani.

Sasa miiba ya kwetu mnaijua. Unalala tairi limejaa, unaamka limelegea. Nilikuwa na pampu fupi ya mkono, ile inayobanwa kwenye fremu. Unasukuma mpaka jasho, na bado mtu akikaa nyuma ringi inagusa chini.

Siku moja tukitoka kliniki tukaingia dukani. Kulikuwa na pampu ndefu za aina mbili, zile unazisimamisha chini, unakanyaga kitako kwa miguu miwili na kusukuma mpini.

Moja ilikuwa ya plastiki, nyekundu, ina geji ya kuonyesha upepo. Nyingine ya chuma, nyeusi, nzito, haina geji, sura mbaya kabisa. Bei zilikaribiana.

Nikashika nyekundu.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye benchi la pale nje, miguu kainyoosha. Akasema, "Baba Neema, na ile redio uliyonunua ikafa nayo iling'aa hivyo hivyo."

Muuzaji akacheka. "Mama, hii ndiyo ya kisasa. Ile nyeusi wananunua wazee."

"Basi tupe ya wazee. Huyu unamwona kijana?"

Mama Neema akaniambia nizijaribu zote mbili. Nikakanyaga nyekundu na kusukuma, kitako kikapinda. Nyeusi haikutikisika. Kisha nikaziba mdomo wa mpira kwa dole gumba na kusukuma. Nyekundu ilivujia pale mpira unapoingilia. Nyeusi mpini ulikataa kushuka, nilipouachia ukarudi juu wenyewe.

Tukachukua nyeusi. Ilikuwa nafuu kidogo, maana hakuna aliyekuwa anaitaka.

Kilichofuata ni kosa langu, na nadhani ni sisi wa Singida tu tunaoweza kulifanya.

Ndani ya pampu ya namna ile kuna washa ya ngozi, kama kikombe kidogo. Hiyo ndiyo inayosukuma upepo. Inataka mafuta ili isikauke. Na kwetu, tangu mashine za kukamua zije, mafuta ni alizeti. Bawaba ya mlango, alizeti. Cherehani, alizeti. Kichwa cha mtoto, alizeti. Nikafungua pampu, nikamimina alizeti.

Mama Neema akaniona. Yeye alizaliwa Kintinku, kwao ni wafugaji. Akasema, "Unaikaanga? Ngozi ni ngozi, Baba Neema. Kwetu kamba za ng'ombe tunapaka mafuta ya kondoo."

Nikamwambia pampu siyo ng'ombe.

Akaendelea na kazi zake.

Kwa miezi kadhaa pampu ilienda vizuri, nikajiona mjanja. Ukaja mwezi wa saba na ule upepo wake wa baridi. Asubuhi ya kliniki naamka, tairi la nyuma liko chini. Mama Neema kashavaa, kakaa mlangoni na kadi yake mkononi. Nasukuma mpini, unashuka mtupu, hakuna kitu. Nikafungua. Yale mafuta yalikuwa yameganda kama gundi, yameshika vumbi, washa imenata na kujikunja.

Nikakimbilia kwa jirani kuazima pampu ya mkono. Nikajaza nusu, nikampakia, tukaenda. Tukiwa bado hatujafika barabarani tukalisikia basi linapita.

Nikaendelea kukanyaga pedeli. Yeye ndiye aliyenisimamisha.

"Shuka upumzike. Basi hulikimbizi na mkeo mgongoni."

Tulingoja mpaka saa tatu. Lilipita lori, hakuweza kulipanda. Tukarudi.

Dawa zilikatika mwezi ule. Miguu ilivimba sana. Alifariki mwezi wa nne uliofuata.

Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya ile siku. Akasema, "Mzee, moyo ulikuwa umeshachoka." Halafu akasema, "Lakini dawa hazitakiwi kukatika." Alisema yote mawili, nami nayaandika yote mawili. Zaidi ya hapo sijui.

Nirudi siku ile tuliyokosa basi. Tulipofika nyumbani Mama Neema aliomba pampu, akaisafisha washa kwa majivu na kitambaa, akapaka mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyaweka kwenye kikopo. Kuanzia hapo kuipaka ikawa kazi yake. Hatukukosa basi tena.

Pampu hiyo ninayo mpaka leo. Washa nimebadilisha mara mbili tu. Majirani wanakuja kujaza upepo, hakuna anayekatazwa, yeye ndiye alitaka iwe hivyo.

Nilichojifunza: angalia kitako cha chuma, ziba mpira kwa kidole na usukume hapo hapo dukani, geji siyo lazima, na alizeti iache jikoni.

Siku hizi napaka mwenyewe, kwa kikopo kingine. Kile chake kimebaki na mafuta kidogo chini, na alama ya kidole chake pale alipochota mwisho. Sijakigusa.

Mwenye uzoefu na hizi pampu mpya zenye washa ya mpira aandike, sijawahi kuzitumia. Nasoma taratibu lakini nasoma majibu yote.

Na wewe kijana uliyeuliza: kama unaye mke, nenda naye dukani.