Moshi wa Ewart

Kaka yangu Clem alikuwa mbishi, na sitalibadilisha neno hilo kwa sababu tu amekufa. Lakini nitajie mtu mwingine katika bonde hili la Skarthdale aliyependa kitu kama Clem alivyopenda kupiga picha za treni, nami nitakuita mwongo mbele ya mkeo. Wenzake walipenda kondoo, walipenda bia, wengine walipenda wake za watu. Yeye garimoshi na kamera, basi.

Vumbi la machimbo ya mawe lilimla mapafu kabla hajazeeka. Daktari akamkataza baridi, akamkataza na mlima. Sasa hapa kwetu ukiondoa baridi na mlima, kinabaki nini? Clem aliitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu zote, kesho yake theluji imefika magotini na yeye yuko juu kule kando ya reli. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwona kwa macho yangu amesimama kwenye upepo akisubiri treni ya mizigo iliyochelewa, kikohozi amekiziba kwa skafu ili kamera isitikisike.

Na kamera yenyewe! Ya mbao, ya marehemu mjomba wetu, nzito kama ndama. Haikutumia filamu, ilipiga picha kwenye kipande cha kioo, kimoja kwa kila treni. Treni ikishapita, umepata au umekosa, hakuna marudio. Picha alizisafisha kwenye stoo yangu ya chakula, dirisha kaliziba kwa blanketi, jibini langu likanuka dawa mwaka mzima. Niligomba, tena niligomba sana. Halafu ananionyesha picha, treni inapanda kilima chetu na mabehewa yake, unaona kabisa jinsi inavyoteseka, na mimi nalisogeza jibini nimpishe.

Madereva walimjua. Wakimwona kwa mbali na ile kofia yake nyeupe, mtia makaa alirusha koleo kadhaa za ziada motoni ili moshi mweusi mzito utoke, picha ipendeze. Hakuna aliyewaagiza. Ilikuwa heshima yao kwake, na wapiga picha wengine hawakupewa hata kidogo. Clem naye aliwapelekea picha majumbani kwao, wakazitundika juu ya meko.

Aliyetoa moshi kuliko wote ni Ewart Bousfield, rafiki yake tangu shule. Mwaka ule wa sitini na saba wakubwa wa reli waliamua kwamba injini za mvuke basi, sasa ni dizeli. Ewart akasema yeye hakai kwenye dizeli kama karani wa posta. Ataivusha treni ya mwisho ya mvuke kwenye kilima chetu, kisha anastaafu. Wiki ile akaja jikoni kwetu, akakaa bila kuvua koti.

"Clem," akasema, "picha zako nyumbani kwangu zimejaza ukuta. Zote magurudumu na moshi. Sura yangu haimo hata moja."

"Sura yenyewe ndiyo hiyo?" Clem akamwuliza. "Niliionea kamera huruma."

"Cheka tu. Jumamosi nipige mimi, nikiwa dirishani. Wajukuu wamjue babu yao. Sijawahi kukuomba kitu."

Clem akaacha kucheka. "Utaipata," akasema.

Ewart alipotoka nikamgeukia kaka yangu. "Mbona hukumwambia asitoe moshi? Akitoa moshi sura itaonekanaje?"

"Dereva haambiwi, Hetty."

"Ala! Huyu ni Ewart, umelala naye kitanda kimoja mkiwa na surua!"

"Hata akiwa Ewart. Dereva haambiwi afanyeje na injini yake."

Ndivyo tulivyo watu wa bonde hili. Unamwona jirani anajenga ukuta wa mawe umepinda, unamwamkia, unapita zako. Ukuta ukimwangukia unampelekea supu. Wenyewe tunaita adabu. Mimi naita upumbavu, na nililisema neno hilo jikoni siku ile, kwa sauti.

Jumamosi nilimbebea miguu ya kamera. Kamera yenyewe hakukubali niiguse. Kila tulipofika kwenye lango la malisho alishika mti akahema, mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu ili asione haya. Kule juu tulikuta watu wa mjini wameshajaa ng'ambo ya reli, na magari yao na vikamera vyao vidogo. Clem akachagua upande huu, peke yetu, kwa sababu dereva hukaa upande huu na jua la asubuhi lilikuwa huku.

"Mzee!" bwana mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Hiyo ni kamera au kabati?"

"Kabati," Clem akajibu. "Tulia nisije nikakufungia ndani."

Wakacheka. Naye alicheka, halafu kikohozi kikamshika mpaka akainama. Nilimwambia turudi. Alinitazama kama nimemtukana mama.

Tuliisikia kabla hatujaiona. Ilipotokeza kwenye kona, Ewart alikuwa dirishani, kanyoa, kavaa tai. Tai, jamani, ndani ya garimoshi! Sura yake yote ilikuwa juani, imetugeukia sisi, na nikasema moyoni haya, Mungu ni mwema, anaipata. Mkono wa Clem ulikuwa kwenye kibonyezo cha kamera.

Kisha Ewart akageuka akasema neno kwa mtia makaa.

"Usifanye hivyo," Clem akanong'ona. "Leo usifanye hivyo, ndugu yangu."

Moshi ukatoka. Sijapata kuona moshi kama ule, mweusi, mnene, umesimama wima juu ya bomba. Ungebaki hivyo tungepona. Upepo ukavuka reli ukausukuma wote upande wetu, ukatufunika mimi na kaka yangu na kamera, tukawa hatuonani. Nikasikia kibonyezo kikilia, nikasikia honi ndefu, Ewart anatuaga. Ulipokwisha, lilikuwa limebaki behewa la mwisho likizama nyuma ya kilima. Ng'ambo kule watu wa mjini walikuwa wanapiga makofi. Wao moshi uliwapa mgongo, wakapata treni safi kabisa, lakini upande wa mtia makaa, si wa Ewart.

Clem alikisafisha kile kioo siku ileile, akachapa picha moja, akaniita. Palikuwa na moshi, magurudumu mawili, na pembeni kitu kama kiwiko cha mtu. Aliitazama sana, kisha akaitia motoni ikaungua. Jumapili, alipomwona Ewart kupitia dirisha anakuja na suti ya kanisani, alichukua kile kioo cha picha akakipiga kwenye ukingo wa sinki.

"Sasa nikisema kimevunjika sitakuwa mwongo," akasema.

Ewart aliingia mikono nyuma, anatabasamu kama bwana harusi. "Haya, iko wapi?"

"Kimevunjika, Ewart. Hapo kwenye sinki. Niwie radhi."

Ewart akavitazama vile vipande. "Umekivunja? Vioo vyote hivi miaka yote hii hujavunja hata kimoja, ukavunja changu?"

Nikafungua mdomo. Clem akaniangalia, nikaufunga.

"Shukrani ya punda mateke," Ewart akasema, akaondoka, na mlango akauacha wazi.

Nililia kwa hasira. "Mwambie ukweli! Atazunguka baa zote akikuita mzembe!"

"Nimwambie nini, Hetty? Kwamba sura yake ameifuta mwenyewe? Siku yake ya mwisho?"

Na kweli alizunguka nayo. Baa, sokoni, mlangoni mwa kanisa: Clem Alderson kamvunjia rafiki yake picha. Wakawa hawasalimiani. Clem hakurudi tena kilimani, kwa sababu hapakuwa na cha kwenda kukiona, na ule ubaridi wa Jumamosi ile haukumtoka kifuani. Tulimzika kabla ya kondoo kuzaa.

Ewart alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya wote. Watu walipotawanyika akanifuata, kofia mkononi.

"Nilimpenda, Hetty. Lakini sikufichi, lile limenikaa hapa," akasema, akajigusa koo. "Ule moshi niliompa siku ile! Maisha yangu yote ya kazi sijatoa moshi kama ule. Nikamtolea yeye. Uliuona lakini? Ulikuwa moshi mzuri au si mzuri?"

Mdomo wangu huu mnaujua. Nikalitazama kaburi la kaka yangu likiwa bado halijasawazishwa, nikamtazama na yeye.

"Ulikuwa mzuri, Ewart," nikamwambia. "Ulikuwa moshi mzuri sana."