Mama Punguza na sweta la kilo moja na robo

Saa mbili kasorobo asubuhi, foleni ya mlango namba nne imeshapinda hadi karibu na vyoo, na Mama Punguza ameshapiga magoti mara sita.

Anapiga magoti kwa sababu ya magurudumu. Mbele yake lipo kasha la chuma lisilo na mfuniko, limepakwa rangi ya buluu, na kila begi la mkononi linaloingia ndani ya ndege lazima kwanza litumbukie humo, magurudumu na mpini vikiwemo. Begi likikwama, mwenyewe huapa kwamba limeingia. Mama Punguza huinama akamwonyesha kwa kidole pale lilipogoma.

Likitumbukia, linapanda mizani. Mwisho kilo saba.

"Saba na nusu, baba."

"Nusu tu, mama yangu! Nusu kilo ni kitu?"

"Ni nusu kilo. Una cha kuvaa humo ndani?"

Mwanamume mwenye miwani anafungua begi mbele za watu. Inatoka taulo. Zinatoka soksi. Inatoka pasi ya nguo, nzima, na waya wake umezungushwa vizuri. Foleni inaangua kicheko.

"Mzee, kwani huko unakokwenda watu wanatembea na makunyanzi?" anauliza Kapteni, mkagua tiketi wa mlango huo. Kapteni hajawahi kurusha hata tiara. Jina alilipata kwa kofia yake.

Chini kabisa linaonekana koti. Mwanamume analivaa, anafunga vifungo vyote, anarudisha begi kwenye mizani. Sita na gramu mia nane.

"Pita, baba. Safari njema."

Koti ni lile lile na ndege ni ile ile. Lakini kinachovaliwa hakipimwi, na sheria hiyo ndogo inajulikana na kila anayesafiri kwa tiketi za bei ya chini. Mama Punguza ameona mengi kwa ajili yake. Ameona bwana mmoja mwenye suruali nne, anatembea kama mtoto aliyejisaidia. Ameona bibi harusi akipanda ndege na gauni lake mwilini, mkia wake umebebwa na wageni waliokuwa kwenye foleni.

"Sheria hiyo naijua kuliko jina langu," anasema akijishika kiuno ili asimame. "Siku moja tu ilinitoka kichwani."

Ana miaka hamsini na mmoja. Aliingia uwanja huu wa ndege kama mfagiaji wa ukumbi wa abiria, akahamishiwa kwenye kasha na mizani, na sasa anatimiza mwaka wa kumi na moja. Kwa zamu moja hupima mabegi yapatayo mia tatu. Mshahara unatosha chakula na kodi ya nyumba, ukibana. Magoti ndiyo yanayolipia. "Daktari ameniambia nipunguze kupiga magoti," anasema. "Nikacheka. Hata daktari analo neno langu."

Punguza. Wafanyakazi wenzake walimpa jina hilo mwaka wake wa kwanza, na abiria wa mara kwa mara wakalidaka. Yeye mwenyewe hakuchukia. Alikuwa mtu wa kupunguza tangu zamani, anayeamini kwamba nyumba ya vyumba viwili haina pa kuweka kitu kisicho na kazi. Vikombe vilikuwa vitatu kwa sababu watu walikuwa watatu: yeye, binti yake wa pekee, na mama yake mzazi, ambaye binti alimwita Bibi na mtaa mzima ukafuata.

Bibi alifuma masweta ya wanafunzi kwa oda hadi mtoto wa jicho alipomzidi. Akaacha oda. Sindano hakuziacha.

Miaka mitatu iliyopita binti alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika nchi ya baridi. Tiketi iliyopatikana ilikuwa ya chini kuliko zote: kiti, na begi moja la mkononi. Maisha mapya ya mtu mzima ndani ya kilo saba. Mama mwingine angelia. Mama Punguza alikunja mikono ya blauzi. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

Aliandika orodha. Alimwonyesha binti namna ya kuviringisha nguo badala ya kuzikunja, soksi ziingie ndani ya viatu, dawa ya meno iwe ile ndogo. Viatu vizito vya baridi alimwamuru asafiri navyo miguuni. "Nilikuwa najisifu," anakiri. "Nilisema, mwanangu atapita mlango wangu bila mtu kumwambia neno."

Wakati huo huo, kitandani kwake, Bibi alikuwa anafuma. Alifuma miezi minne kwa kupapasa. Sweta la kijivu, la sufu nene, nyuzi mbili mbili ili upepo usipite. Mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole viwili kwa sababu macho hayakumsaidia kuhesabu mistari.

Mchana wa safari, mama alitundika begi kwenye mizani ya mkono aliyoazima kazini. Kilo nane na robo. Akafungua zipu. Juu kabisa, sweta.

"Punguza," akasema.

"Mama, hili amelifuma Bibi."

"Najua nani kalifuma. Huko hakuna maduka? Punguza, gari limefika."

Binti alilitoa. Bibi, aliyekuwa amekaa pale pale ukingoni mwa kitanda, alinyoosha mikono akalipokea. Alilipapasa, akakunja mkono wa kulia, akakunja wa kushoto.

"Ni zito kweli," alisema. "Niliweka nyuzi mbili."

Begi lilirudi kwenye mizani likasoma kilo saba kamili, na mama akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyemaliza kazi.

Ungetazamia kwamba mtu anayewaambia wageni mia tatu kwa siku wavae makoti yao angemwambia na mwanawe avae sweta. Mama Punguza amejiuliza hilo zaidi ya mtu yeyote. Jibu lake halimpendezi hata yeye.

"Viatu vilikuwa kwenye orodha yangu," anasema. "Sweta halikuwa kwenye orodha yangu. Basi. Niliona kilo moja na robo, sikuliona sweta."

Alikumbuka akiwa kwenye basi la kurudi kutoka uwanjani. Abiria wa kiti cha mbele alivua jaketi lake, na sheria ikamrudia. Kwa wakati huo ndege ilikuwa imeshaondoka.

Bibi alifariki mwezi wa tano baada ya hapo. Binti alikuwa katikati ya mitihani, nauli haikuwepo, mazishi aliyaona kwenye simu, picha inakatika kila dakika. Watu walipotawanyika alipiga. Akasema maneno ambayo mama yake anayarudia leo bila kubadilisha sauti: "Mama, ulinipima kama abiria."

Na mama akajibu nini?

"Nilimwambia begi lilikuwa limezidi." Anatazama pembeni. "Na kweli lilikuwa limezidi. Mwanangu amefiwa na bibi yake, mimi namsomea mizani."

Tangu siku hiyo binti hupiga simu kila Jumapili, hajakosa hata moja. Hali ya hewa, masomo, afya ya magoti, haya mama, siku njema. Dakika nne. Mama anajua ni nne kwa sababu anaziangalia.

Kapteni, ambaye hana siri wala hajaombwa ushauri, ana maoni yake. "Nimemwambia, mama wee, sema samahani, ni neno moja, halilipiwi!"

"Nilishasema," Mama Punguza anamkata. "Samahani ya kwenye simu haina uzito. Inaingia kila begi."

Aliwahi kutaka kulituma sweta kwa posta. Binti alimjibu kwa ujumbe: "Usilitume. Bibi hakulifuma liwe kifurushi." Likabaki juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, na mara mbili kwa mwaka hulitoa kuliangalia kama limeliwa na wadudu.

Kitu kimoja kilibadilika, na ni kazini. Kabla ya kusema neno lililompa jina, sasa huuliza kwanza: una cha kuvaa humo ndani? Msimamizi wake hakufurahia, kwani abiria anayevaa koti halipii mzigo uliozidi. Alimwita ofisini. Mama Punguza alitoka humo, akarudi mlangoni, akaendelea kuuliza.

Alhamisi ijayo binti anahitimu. Mama amejinyima miezi kumi na minne kupata tiketi, ya chini kuliko zote, kiti na begi moja la mkononi. Itakuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya ndege. Mwaliko alioupata kwa simu ni wa maneno matatu, nao anaujua kwa moyo: "Ukitaka kuja, njoo."

"Hakusema njoo. Kasema ukitaka kuja, njoo," anaeleza. "Siwezi kumlaumu. Kupunguza maneno kajifunza kwangu."

Begi lake lipo tayari, karibu na kabati. Magauni mawili, kandambili, dawa ya magoti, picha ya Bibi isiyo na fremu. Kilo nne na robo. Hesabu ni rahisi, na mtu yeyote angeifanya: sweta linaingia, na nafasi inabaki.

Hataliweka begini.

"Nitalivaa," anasema. "Kuanzia mlangoni kwangu hadi kwake."

"Utaiva!" Kapteni anapiga ukelele. "Saa tisa angani na sufu nyuzi mbili! Na hata huko kwenyewe si umesema sasa ni joto?"

Ni kweli. Binti alimwambia Jumapili iliyopita kwamba huko ni majira ya joto, hata shati la mikono mirefu linachosha.

"Nitaiva," anasema Mama Punguza. "Na wewe ndiye utakayenipima, ole wako uniambie neno."

Kapteni anaweka kofia yake kifuani kama anayekula kiapo. Foleni imeanza kunung'unika. Msichana mwenye begi jekundu anasubiri mbele ya kasha, na Mama Punguza anashika ukingo wa chuma ili apige magoti tena. Kabla hajafika chini anamalizia, kwa sauti ambayo Kapteni hawezi kuidaka.

"Pale mlango wa kutokea, nataka alione sweta kwanza, mimi baadaye. Nitakuwa nimeloa, jasho mpaka kwenye vidole, maana ule mkono wa kushoto unanifunika. Aniangalie vile, halafu aniambie yeye, 'Mama, punguza.'"

Anafuta mizani kwa kiganja.

"Hapo nitavua nimpe."