Mama kanifokea kwa kuingia bila hodi

Watu wa Kilwa, leo mama yangu mzazi kanifokea kama mgeni asiye na adabu.

Mnajua huu ugonjwa wa neva, MS, unanifanya niburute mguu. Juzi nimeanza dawa mpya ya kunisaidia kutembea.

Leo nimetoka dukani, nikapitiliza hadi uani. Mama anakuna nazi, kanipa mgongo.

"Nani huyo anaingia kwa watu bila hodi?"

"Ni mimi, mama."

Akageuka. Akaniangalia miguu, si uso. Siku zote hunijua kwa sauti ya kandambili ninayoburuta.

Nikadhani atalia.

"Hebu rudi mlangoni, uingie tena. Usiseme kitu, nataka kusikiliza."

Saa hizi wali haujaiva, nyumba nzima ina njaa, na bado ananirudisha mlangoni.