Kokoto Zilizofagiwa Kindu

Niliondoka Bukavu kwa sababu moyo ulikataa kutulia. Wakati wa vita, nyaya za shaba zilizozikwa chini ya kituo cha umeme cha Kindu zilifukuliwa zote zikauzwa. Sasa mtandao mpya wa nyaya, niliouchora mimi, ulikuwa umeshazikwa, na udongo wenyewe sikuwahi kuukanyaga. Nilitaka kuupima mtandao huo kabla umeme haujawashwa.

Kampene, mji wa machimbo njiani, tulifika kwa pikipiki tukiwa na matope hadi magotini. Dereva akaketi kunywa chai na wachimbaji. Mimi sikuketi, nilimsumbua tu: twende, twende.

Alunguli, ng'ambo ya kituo, nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, na mchana huohuo nilikuwa kituoni.

Mama Aziza, mlinzi aliyerithi kazi ya marehemu mumewe, alinipokea pekupeku, ufagio mkononi. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu mtupu.

"Karibu, Papa Enjeniere. Juu ya kupokea wageni tulifagia. Hata jiwe moja haikubakia."

Kwenye mchoro wangu uwanja wote ulifunikwa kokoto. "Mawe iko wapi, mama?"

"Tulipeleka mu njia ya materinite. Wanamuke wa mimba walikuwa wanateleza mu matope."

Nilichuchumaa nikamweleza. Hitilafu ikitokea, umeme hukimbilia ardhini, na mtu akipiga hatua unaweza kupanda mguu huu na kushukia ule. Shaba hupunguza hatari hiyo, lakini kokoto ndizo zinazouzuia kuingia nyayoni. Akatazama miguu yake mitupu.

Nilipomaliza kupima, mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari ya kokoto. "Watu wanangoja kuran iwake leo. Vipimo vyako iko muzuri, ama?"

"Iko muzuri. Bila mawe, sitatia sahihi."

Alinikasirikia, nami nikamkasirikia. Aliyemaliza ubishi ni Mama Aziza. Aliwaita wanawake wa mtaani, wakazirudisha kokoto kwa mabeseni kichwani. Nami nilibeba, huku nikiona aibu. Beseni la mwisho lilipomwagwa, akaniuliza, "Na ile njia, Papa, nani atatengeneza?"

 Jioni umeme uliwashwa, hadi materinite wanakojifungulia wanawake, na watu wakashangilia barabarani.

Asubuhi nilivuka mto kurudi, na sikufurahi. Nimejifunza kwamba nilikuwa nikihesabu miguu ya walio ndani ya uzio peke yao. Nimeomba ofisini lori la kokoto kwa ajili ya ile njia, na bado sijajibiwa. Huku Bukavu, kila mvua ikinyesha, namwona akilini mwanamke mwenye mimba akitafuta pa kukanyaga.