Soksi ya Mkono wa Kushoto

"Hivi Mwatumu, mpangaji wako anafuga nzi na wewe umenyamaza?" jirani yake Mashavu alimuuliza siku moja. Mwatumu alicheka tu. Alishamzoea yule mwalimu wa baiolojia na chupa zake za vijinzi vya ndizi mbivu, zilizozibwa kwa pamba. Kila akitoka shule hunawa mikono, husema shikamoo mama, kisha huketi barazani akiwageuza nzi kwa brashi nyembamba, taratibu kama anayechambua mchele wa wageni, na sauti yake hushuka utadhani nzi wamelala.

Jumamosi moja alimwita Mwatumu, aliyempakata mjukuu wake, achungulie kwenye kioo cha kukuzia. Alikuwapo nzi mwenye miguu kichwani, pale zinapoota papasi, vile vipembe vya kunusia.

"Subhanallah. Nani kamroga?"

"Hajarogwa, mama. Mwilini mna jeni, ni kama amri: hapa kiote kichwa, hapa uote mguu. Amri yake moja imesomwa mahali pasipo pake. Amri za namna hii anazo nzi, anazo kuku, na sisi tunazo."

Mwatumu akautazama mkono wa mjukuu wake. Mjukuu alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto. Mashavu alisema ni mkosi, na tangu hapo, pamoja na joto lote la Korogwe, mkono ule hukaa ndani ya soksi. Kwa miezi saba aliyopanga hapo, mwalimu hakuwahi kuuliza. Sasa aliweka brashi chini, akajifuta vidole kwenye kanga yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama, naomba mtoto avuliwe soksi."