Fundo la Upande wa Kushoto

Fortunata Choque alikuwa mchuuzi wa viazi, na viazi havijibebi. Kila Alhamisi, kwa miaka thelathini, alivifunga mgongoni kwa kitambaa, akakaza fundo kifuani upande wa kushoto, kama mama yake, kama wanawake wote wa kando ya ziwa Titicaca. Basi alipogusa uvimbe mgumu, saizi ya punje ya hindi, palepale fundo linapokaa, akaona kisa anakijua. Akahamishia fundo kulia, akaendelea na shughuli zake. Mtu akishajipa jibu mwenyewe, nani atamuuliza tena?

Msimu wa jalidi, viazi vimeanikwa nje vigande kwa baridi ya usiku, muuguzi akaja sokoni. Akawaonyesha wachuuzi jinsi ya kujikagua: vidole vitatu, mizunguko midogo midogo, titi zima hadi kwapani, kila mwezi hedhi ikiisha. Aliyekoma hedhi ajichagulie tarehe.

"Mimi langu hukaguliwa na mzee nyumbani!" akapaza sauti Casimira, wifi yake Fortunata.

"Anakagua au anatafuta mto wa kulalia?" akajibiwa. Wakacheka hadi machozi.

Fortunata naye alicheka, mkono ndani ya shali. Uvimbe ulikuwepo. Sasa ulikuwa saizi ya harage. Hakuogopa, hakulia, alijisikia ganzi mwili mzima, akajishangaa.

Wenzake walipotawanyika akamfuata muuguzi. "Ni fundo la mzigo hili, mwanangu."

Muuguzi akapapasa. "Jumatatu nenda hospitali mjini, mama. Huenda si ule ugonjwa mbaya. Lakini kwa kukisia hatutajua."

"Haya," akasema Fortunata, kama aliyeambiwa chumvi imekwisha. Akauza viazi vyake vyote, akarudi nyumbani.

Alimkuta bintiye, Nélida, akifunga mzigo wa kuni, fundo kushoto. Hakujua aanze vipi. Akauchukua mkono wa mwanawe, akauweka pale penye uvimbe.

Nélida akapapasa. Akacheka. Jamani, akacheka!

"Sasa kivimbe hiki ndicho kimekununisha, mama? Si fundo tu! Mbona hata mimi ninacho?"

Ganzi yote ikamtoka Fortunata. Akakaa chini palepale kwenye kuni.

"Mimi fundo nililihamisha tangu mavuno, mwanangu," akasema. "Jumatatu tunakwenda wawili."